Maswali ya Wasomaji: Kuchagua Potenshomita Yenye Swichi kwa Gitaa la Umeme

SWALI: Ndugu Fundi, salaam nyingi. Mimi ni mpiga solo katika bendi ya muziki wa dansi hapa Morogoro. Gitaa langu ni la muundo wa Les Paul, lenye hambaka mbili (pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, zenye koili mbili kila moja) na vishikio vinne vya kuzungushia. Potenshomita (kifaa kinachozungushwa na kishikio ili kubadili ukinzani wa umeme) ya sauti ya pikapu iliyo karibu na daraja ilikuwa ya aina ambayo ukivuta kishikio juu, sauti inageuka na kuwa nyembamba. Ilianza kukwaruza, kisha ikawa haishiki tena juu. Nilifungua mgongo wa gitaa nikaipima kwa mita ikiwa palepale ilipofungwa, nikapata kiloomu 8 kasoro kidogo. Kwenye duka la vifaa vya redio nikauziwa ya kiloomu 10 isiyo na swichi, na zile nyaya mbili zilizokuwa kwenye swichi nikaziacha zimeshikana. Tangu hapo pikapu hiyo inasikika kama imefunikwa blanketi. Je, pikapu imeungua? Nikitaka kurudisha swichi yangu, nitafute potenshomita ya namna gani, na ni lazima nibadilishe zote nne?
Mpiga solo, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu mpiga solo, ondoa wasiwasi: pikapu yako ni nzima. Ulichokisoma kwenye mita ni ukinzani wa pikapu yenyewe, wala si wa potenshomita. Potenshomita ya sauti ikiwa bado imeungwa ndani ya gitaa, koili za pikapu hukaa sambamba na njia yake ya kaboni kutoka mguu wa kwanza hadi wa tatu, na umeme wa mita huchagua njia nyepesi. Hambaka ya kawaida ina ukinzani wa kiloomu 8 hivi. Iweke sambamba na potenshomita ya kiloomu 500, na mita itakuonyesha kiloomu 7.9. Kipimo chako kilikuwa sahihi kabisa, ila kilipima kitu kingine. Ndiyo maana potenshomita haipimwi kabla ya kuutenganisha angalau mguu mmoja wa pembeni na nyaya zake. Ukifanya hivyo kwenye zile tatu za zamani zilizobaki, nina hakika utakuta ya sauti ya pikapu ya shingo iko karibu na kiloomu 500, kwa kuwa hicho ndicho kipimo ambacho magitaa ya hambaka hufungwa kwa kawaida.

Sasa tuone kwa nini kiloomu 10 zimekufifishia sauti, kwa sababu ukilielewa hili hutauziwa tena kifaa kwa kukisia. Pikapu ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, na koili ya namna hiyo huzidi kuupinga umeme kadiri mtetemo wa sauti unavyokuwa wa kasi. Sauti nzito hupita bila shida, lakini sauti nyembamba hupita kwa taabu, na ikiwa upande wa pili kuna potenshomita ya ukinzani mdogo inayozivuta kwenda ethi (waya wa ardhi), nguvu inayobaki kufika kwenye amplifaya ni ndogo sana. Kwa hambaka yenye induktansi (kipimo cha upinzani huo wa koili) ya henri 4.5 hivi, potenshomita ya kiloomu 10 huanza kuzikata sauti zote zinazozidi hezi 600 na ushei. Uzi wa kwanza wa gitaa ukipigwa wazi hutoa hezi 330, na kwenye freti ya 12 hutoa hezi 659. Kwa hiyo katika sebene, pale solo inapopanda juu ya freti ya 12 na kubaki huko, si mng'ao wa sauti tu unaopotea bali hata noti yenyewe inapungua nguvu. Utagundua pia kwamba swichi ya kuchagulia pikapu ikiwa katikati, pikapu ya shingo nayo inafifia, kwa kuwa hapo pikapu zote mbili zinabeba mzigo wa potenshomita hiyo hiyo.

Potenshomita ya kiloomu 500 hufanya kazi tofauti. Koili ya pikapu ikishirikiana na uwezo wa kebo wa kuhifadhi chaji, ambao kwa kebo ya mita sita huweza kufikia pikofaradi 600, hujenga kilele cha sauti karibu na hezi 3,000. Kilele hicho ndicho kinacholipa gitaa la umeme ukali wake unaopenya katikati ya tarumbeta na ngoma. Ukinzani mkubwa wa potenshomita hukiacha kilele kisimame, na ukinzani mdogo hukilaza. Kwa pikapu za koili moja, ambazo kwa asili zina ukali wa kutosha, mafundi wamezoea kiloomu 250 ili kuulainisha. Kwa hambaka, ambazo ni nzito zaidi, hutumiwa kiloomu 500. Kampuni ya Fender waliweka hadi megaomu 1 kwenye gitaa lao la Jazzmaster kwa sababu walitaka pikapu zake zisikike angavu. Kwa kazi yako ya solo safi isiyo na mkwaruzo wa makusudi, mimi nakushauri kiloomu 500 bila kusita.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye gamba ni ya kukadiria tu. Potenshomita nyingi hutengenezwa kwa ruhusa ya kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, kwa hiyo iliyoandikwa 500 inaweza kuwa na kiloomu 400 au 600, na sikio la mpiga gitaa husikia tofauti hiyo. Nenda dukani na mita yako. Ikiwa zipo kadhaa, pima moja baada ya nyingine kati ya miguu miwili ya pembeni, na kwa ajili ya muziki wako chagua iliyo juu ya 500.

Baada ya ukinzani, tazama mwendo wake, maana hapa ndipo watu wengi hukosea hata wakiwa na namba sahihi. Herufi iliyo mbele ya namba hueleza jinsi ukinzani unavyobadilika shafti inapozungushwa. Katika vifaa vingi vinavyouzwa leo, A500K ni ya mwendo wa logi (ukinzani hubadilika polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni) na B500K ni ya mwendo sawa (hubadilika kwa kiasi kilekile mzunguko mzima). Hata hivyo, katika utaratibu wa zamani wa viwanda vya Ulaya herufi A ilikuwa ya mwendo sawa, na kwa sababu hiyo usiiamini herufi peke yake. Weka shafti katikati kabisa ya mzunguko wake, kisha pima kutoka mguu wa kati kwenda kila mguu wa pembeni. Ukipata takriban kiloomu 250 pande zote mbili, hiyo ni ya mwendo sawa. Ukipata kiloomu 50 hadi 100 upande mmoja na zote zilizosalia upande wa pili, hiyo ni ya logi. Kwa potenshomita ya sauti chukua ya logi, kwa kuwa sikio la binadamu halipokei nguvu ya sauti kwa hesabu ya kujumlisha. Ya mwendo sawa itakuacha unazungusha kishikio kutoka 10 hadi 3 bila kusikia mabadiliko ya maana, halafu sauti yote inadondoka kwenye sehemu ndogo iliyobaki, na kwa mpiga solo anayeshuka ili mwimbaji aingie hilo ni kero kubwa. Kwa potenshomita ya toni pia watu wengi hupendelea logi, ingawa hapo aliyezoea mwendo sawa sina sababu ya kumkataza.

Tukija kwenye umbo, gitaa la muundo wako lina matatizo yake. Les Paul halisi ya Gibson ina uso mnene wa mbao ya mepo uliochongwa kwa mbinuko, na kwa hiyo potenshomita zake za kawaida zina silinda ndefu ya hesi, ya milimita 19 hivi, ili nati ifike juu ya mbao. Potenshomita iliyokusudiwa bamba la plastiki la Stratocaster ina silinda ya milimita 9.5 tu, na ukiileta kwenye mbao yako haitachomoza hata kwa uzi mmoja wa hesi. Magitaa ya kuiga hayafanani: mengine yamechongwa kutoka chini hadi mbao ikabaki nyembamba pale potenshomita zinapokaa, na mengine yameachwa manene. Chukua ile uliyoitoa, pima kwa rula urefu wa silinda yake, upana wake, na kina kutoka mbao hadi mwisho wa swichi, kisha uandike vipimo hivyo kwenye karatasi na uende nayo dukani. Upana nao una mifumo miwili. Potenshomita za mtindo wa Marekani, kama za kampuni ya CTS, zina silinda ya inchi tatu ya nane, yaani milimita 9.5, wakati nyingi za Asia zina silinda ya milimita 7 au 8. Ndogo kwenye tundu kubwa inatibika kwa washa (kipete bapa cha chuma); kubwa kwenye tundu dogo inahitaji kupanua mbao, na hapo uwe na subira utumie kipanulio cha mkono, kwa sababu keekee ya umeme ikiteleza itapasua rangi.

Shafti yenyewe ni suala ambalo kwa potenshomita ya kuvuta nalipa uzito kuliko watu wengi wanavyofanya. Zipo za aina mbili: iliyopasuliwa ncha na kuchongwa meno, ambayo kishikio cha plastiki husukumwa juu yake, na iliyo nzima, ambayo kishikio chake hukazwa kwa skrubu ndogo ubavuni. Zenye meno nazo hutofautiana, kwani za CTS zina meno 24 membamba na nyingi za Asia zina meno 18 mapana kidogo, kwa hiyo kishikio cha moja huchezacheza kwenye nyingine. Kwa potenshomita isiyovutwa, kasoro hiyo unaweza kuivumilia. Kwa inayovutwa, kishikio kitakutoka mkononi katikati ya wimbo. Ukiweza, nunua yenye shafti nzima ya milimita 6.35 pamoja na kishikio chenye skrubu. Ukilazimika kutumia ya meno, hakikisha meno yanalingana, na kama bado kinalegea, fungua ule mpasuko wa shafti kwa ncha ya bisibisi kidogo sana, kwa sababu chuma chake ni laini na hukatika.

Swichi yenyewe haisumbui sana. Karibu potenshomita zote za kuvuta zinazouzwa kwa ajili ya magitaa zina swichi ya miguu sita iliyopangwa safu mbili za mitatu mitatu. Kila safu ni swichi inayojitegemea, na mguu wa kati wa safu huungana na jirani yake wa upande mmoja kishikio kikiwa chini, na wa upande wa pili kikiwa juu. Usikisie upande upi ni upi, maana watengenezaji hawafuati mpangilio mmoja. Weka mita kwenye mlio, gusa mguu wa kati na wa pembeni, vuta na kubonyeza, kisha weka alama ya kalamu kwenye mguu unaolia kishikio kikiwa juu. Rudia mara kadhaa huku ukiitikisa shafti taratibu. Mlio ukikatikakatika kwenye kifaa kipya, kirudishe.

Nyaya mbili ulizoziacha zimeshikana ndizo kiungo kati ya koili mbili za hambaka yako, na ulifanya vyema kutozitenganisha, kwani zingeachana pikapu ingebaki karibu bubu. Kama pikapu zako ni za Seymour Duncan, hizo zitakuwa waya mwekundu na mweupe, huku mweusi ukipeleka sauti na wa kijani pamoja na usio na ganda vikienda ethi. Kama ni za DiMarzio, zilizoshikana ni mweusi na mweupe, na waya wa sauti ni mwekundu. Watengenezaji wengine wana rangi zao, kwa hiyo tafuta mchoro wa pikapu yako kabla ya kugusa chochote. Ziunge zote mbili kwenye mguu wa kati wa safu moja, na ule mguu ulioutia alama uupeleke ethi. Kishikio kikiwa chini, hambaka inafanya kazi nzima. Ukikivuta, kiungo kinakwenda ethi, koili moja inazimwa, na unabaki na sauti nyembamba uliyoizoea. Ujue kwamba koili moja peke yake haina kinga dhidi ya mvumo wa umeme wa nyumbani wa hezi 50, na nguvu yake hupungua, kwa hiyo usishangae ukisikia amplifaya inavuma zaidi ukiwa umevuta.

Hapa sasa nijibu swali lako la mwisho. Huhitaji kubadilisha zote nne, na huhitaji zaidi ya moja yenye swichi. Ile safu ya pili ya miguu mitatu, ambayo wengi huiacha bure, inatosha kukata koili ya hambaka ya shingo kwa wakati huohuo, mradi pikapu hiyo nayo iwe na nyaya nne. Nimeona watu wakifunga nne za kuvuta kwenye gitaa moja, wakapata michanganyiko mingi kuliko wanayoweza kuikumbuka jukwaani. Anayeitumia yote kwa makusudi namheshimu, lakini kwa bendi inayopiga usiku mzima mimi ninapendelea swichi moja inayojulikana kazi yake. Zile tatu nyingine, kama hazikwaruzi na zinapima vizuri, ziache. Tazama pia namba zilizogongwa kwenye magamba yake: zikianza na 137, mtengenezaji ni CTS, na tarakimu zinazofuata hueleza mwaka na wiki ya kutengenezwa. Vifaa vya zamani vya namna hiyo havitupwi.

Unapolehemu, kwangulia gamba la potenshomita kwa msasa mwembamba pale utakapobandika ethi, tumia chuma cha wati 40 chenye ncha pana, na umalize haraka. Risasi ya kawaida ya fundi redio, yenye bati 60 na risasi 40 kwa mia, huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na mwili wa plastiki wa swichi hauvumilii joto hilo kwa muda mrefu. Ukiona unahitaji kushikilia chuma zaidi ya sekunde chache, kiondoe, acha kifaa kipoe, safisha ncha, kisha uanze upya. Na usitumie kamwe dawa ya asidi inayotumiwa na mafundi bati, kwa kuwa hubaki ikila nyaya miezi mingi baada ya kazi kuonekana imekwisha.

SWALI: Ninapiga gitaa la muundo wa Stratocaster katika kundi la hapa Mombasa. Nimesikia kwamba potenshomita ya kuvuta inaweza kunipa pikapu ya shingo na ya daraja kwa pamoja, jambo ambalo swichi ya nafasi tano hainipi. Nikafungua bamba na kukuta chumba cha nyaya hakina kina kirefu. Rafiki ananishauri nichukue ile ya kubonyeza badala ya ya kuvuta. Nifuate lipi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kazi unayoitaka ni nyepesi na faida yake ni kubwa. Chukua potenshomita ya toni, ya kiloomu 250 kwa kuwa pikapu zako ni za koili moja, yenye swichi. Kutoka kwenye mguu wa swichi ya nafasi tano unaopokea pikapu ya shingo, peleka waya hadi mguu wa kati wa safu moja ya swichi mpya. Na kutoka kwenye mguu unaoungana kishikio kikiwa juu, peleka waya hadi mahali ambapo swichi ya nafasi tano hutoa sauti kwenda potenshomita ya kwanza. Ukivuta, pikapu ya shingo inaingia popote swichi ilipo. Kwenye nafasi ya daraja utapata shingo na daraja, kwenye nafasi ya daraja na kati utapata zote tatu, na nafasi nyingine hazitakuletea lolote jipya, kwa hiyo kutoka sauti tano unafikia saba. Ile ya shingo na daraja ina uwazi fulani unaolifaa sana gitaa la ridhimu, na kwa maoni yangu hiyo pekee inatosha kuhalalisha gharama.

Kuhusu kina, pima kabla ya kulipa. Laza rula ukingoni mwa chumba cha nyaya na ushushe kijiti hadi sakafu yake, hasa pale tundu la potenshomita ya toni ya mwisho lilipo, kwani mara nyingi ndipo penye nafasi ndogo kuliko kwingine. Potenshomita za kuvuta huhitaji karibu milimita 30 chini ya bamba, nyingine zaidi na nyingine pungufu, na inakupasa uongeze milimita tatu au nne kwa ajili ya nyaya na risasi. Usiuchimbe mwili wa gitaa kabla ya kutafuta aina iliyo fupi. Zipo, na wauzaji makini huandika kimo chake. Angalia pia vifaa vya jirani, kwa kuwa swichi hizi ni pana na zinaweza kugusana na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) au na tundu la kebo.

Kati ya kuvuta na kubonyeza, rafiki yako ana hoja. Vishikio vya Stratocaster vina sketi pana ambayo kucha hupata pa kushika, kwa hiyo kuvuta kunawezekana, lakini vidole vikiwa na jasho la Mombasa mambo hubadilika. Ile ya kubonyeza haijali jasho: unagonga mara moja, inabadilika, unagonga tena, inarudi. Ubaya wake ni kwamba tofauti ya kimo kati ya nafasi mbili ni ndogo, na usipoangalia vizuri gizani hutajua uko wapi hadi upige noti. Kwa mtu anayebadilisha sauti katikati ya wimbo ningechagua ya kubonyeza. Kwa anayebadilisha kati ya wimbo na wimbo, ya kuvuta inatosha na hupatikana kwa urahisi zaidi.

Tahadhari moja kwa wasomaji wenye magitaa ya Fender ya Marekani: kama katikati ya kishikio cha sauti kuna kibonyezo kidogo, hiyo ni swichi ya S-1, ambayo Fender walianza kuifunga mwaka 2003. Ina swichi nne ndani yake badala ya mbili. Ikiharibika, potenshomita ya kuvuta ya miguu sita haitaweza kushika kazi zake zote, na itabidi utafute ya aina ileile au ukubali kubadilisha mpango mzima wa nyaya.

SWALI: Potenshomita yangu ya kuvuta inakwaruza, lakini swichi bado ni nzima. Je, dawa ya kupulizia inaweza kuiponya, au ninajisumbua?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ijaribu kwanza. Nunua dawa ya kusafishia viungo vya umeme isiyoacha mafuta, elekeza mrija wake kwenye upenyo ulio juu ya miguu mitatu, puliza kidogo tu, kisha zungusha shafti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara nyingi mfululizo. Puliza pia kwenye upenyo wa swichi na uivute na kuibonyeza. Usitumie mafuta ya cherehani, petroli, wala dawa ya kulegezea hesi zilizoshika kutu, kwa kuwa zinakusanya vumbi, na baadhi huharibu kaboni na plastiki. Mkwaruzo ukiondoka na kurudi baada ya siku chache, njia ya kaboni imelika na hakuna dawa itakayoirudisha. Kama gitaa lako lina betri, chunguza jambo jingine kabla ya kununua kipya: umeme wa moja kwa moja unaovuja kupitia kapasita mbovu huifanya hata potenshomita mpya ikwaruze.

SWALI: Gitaa langu lina pikapu za EMG za betri. Ninaweza kufunga potenshomita ya kuvuta ya kiloomu 500 ili nipate sauti ya koili moja?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Hapana, na kwa sababu mbili. Pikapu hizo zina kikuza sauti ndani yake, na zimetengenezwa ziende na potenshomita za kiloomu 25. Ukiziwekea za 500, kishikio cha sauti kitafanya kazi karibu kama swichi, kikipandisha au kuangusha sauti kwa ghafla badala ya kuipunguza taratibu. Pili, pikapu nyingi za EMG zimefunikwa zote, na kiungo cha koili zake hakitoki nje, kwa hiyo hakuna waya wa kuupeleka kwenye swichi. Ukitaka sauti zote mbili, tafuta EMG 89, ambayo ndani yake kuna pikapu ya hambaka na ya koili moja, na ambayo huja na potenshomita yake ya kuvuta ya kiloomu 25. Unapoifunga, usiguse tundu la kebo lenye miguu mitatu, kwa kuwa mguu wake wa ziada ndio unaokata betri ya volti 9 kila unapochomoa kebo.